Jeshi Langu la Anga Lilivyokwama Kisaki

Mwaka juzi nilikuwa na jeshi. Askari 40,000, merikebu za anga 212, mizinga ya mwanga, kofia za chuma zenye vioo vyeusi, na wimbo wa kikosi ambao nilikuwa nauimba peke yangu nikioga. Nililiita Jeshi la Kilimia, kwa zile nyota ambazo wakulima wa zamani walizitazama kujua msimu umefika. Jeshi hilo lilikuwa linasafiri siku 90 kutoka sayari mama kwenda kuzima uasi kwenye sayari ya mwisho ya himaya. Madaftari matatu yalikuwa yamejaa. Nilikuwa najua kila bunduki inapiga umbali gani na kila kapteni amesoma wapi. Nikajiona nimemaliza kazi, bado kuandika tu.

Nikampa sura tatu za mwanzo jirani yangu. Ni askari mstaafu wa Jeshi la Wananchi, alikuwepo Kagera 1978 na akaenda mpaka ndani ya Uganda 1979. Nilitaka aniambie kama vita vyangu vinatisha. Akakaa nazo wiki mbili, akaja jioni moja na bahasha ya kaki mkononi.

"Kijana, umeandika vizuri. Mabomu yako yanalia. Lakini hawa watu wako, tangu ukurasa wa kwanza mpaka nilipoishia, hakuna aliyekula."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mzee, hii ni hadithi ya kisayansi."

"Sawa. Kwani huko kwenye sayansi hawana matumbo?"

Nikajitetea: wanakula vidonge, kidonge kimoja kwa siku. Akauliza vidonge vinakaa wapi, nani anavibeba, vikiisha vinatoka wapi, na huyo anayevileta yeye anakula nini njiani. Hapo ndipo nilipomkumbuka vizuri: Kagera mzee huyu hakuwa mstari wa mbele. Alikuwa stoo. Nilikuwa nimempelekea jeshi langu mtu pekee mtaani ambaye hawezi kudanganywa na sare.

Nimekaa na maswali yale muda mrefu kuliko nilivyotaka. Majibu sikuyapata kwenye vitabu vya nyota. Niliyapata dirishani kwangu, maana mimi nakaa Morogoro mjini, chini ya mlima, na nikifungua dirisha asubuhi naiona Bondwa na minara yake ya mawasiliano ikitokeza kwenye ukungu. Kuzunguka milima hii ya Uluguru lilipita jeshi la kweli, tena majeshi mawili, mwaka 1916. Nilisoma shuleni kwamba walipita. Kilichowafanya wakwame sikukisoma.

Kwa ufupi, kwa asiyekumbuka. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na askari Waafrika karibu 2,500 na maofisa wazungu mia mbili na kitu katika koloni lote hili. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alijua hawezi kushinda vita yenyewe, akaamua kuwasumbua Waingereza ili wapoteze watu na mali huku badala ya Ulaya. Waingereza walipigwa Tanga Novemba 1914. Mapema 1916 wakamleta Jan Smuts kutoka Afrika Kusini na jeshi kubwa, akashuka kutoka Kilimanjaro, akafuata mto Pangani, akapita Handeni, akaingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Mji aliukuta, adui hakumkuta. Lettow alikuwa ameshaondoka na watu wake kuelekea kusini, Kisaki, upande wa pili wa milima.

Sasa, ukiangalia ramani utasema Smuts ameshinda. Ana reli ya kati, ana malori, ana ndege chache, ana farasi. Reli yenyewe Wajerumani walikuwa wameifikisha Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, kwa hiyo ilikuwa bado mpya. Lakini madaraja yalikuwa yamevunjwa. Farasi na nyumbu waliuawa na mbung'o kwa makumi ya maelfu, wengine hawakumaliza hata miezi miwili tangu washuke melini. Malori yalifika mpaka pale udongo mweusi wa bondeni ulipolowa, yakazama. Na mvua za mwisho wa 1916 na mwanzo wa 1917 zilikuwa za ajabu hata kwa wenyeji. Kikosi kimoja cha Afrika Kusini, cha 9 cha waenda kwa miguu, kilianza Februari na watu 1,135. Ilipofika Oktoba waliokuwa na afya ya kusimama walikuwa 116. Wengi wa waliotoka hawakupigwa risasi. Walipigwa na malaria, kuhara damu na njaa.

Nasisitiza hapa kwa ajili ya wenzangu tunaoandika hadithi za kisayansi. Ugonjwa wetu ni kwamba kila mara mtu akiuliza "nani anabeba?", tunajibu "mashine". Smuts naye alijibu mashine, na alikuwa nazo. Kitu kilichomshinda kilikuwa na ukubwa wa nzi, maana ni nzi kweli. Nchi ina namna yake ya kuchagua nani atabeba, na ilipokwisha kuua wanyama na kuzamisha magari, kilichobaki ni shingo na kichwa cha mtu.

Basi nikachukua karatasi nikapiga hesabu ambayo, nakiri, ilinitoa jasho. Ipige na wewe.

Mpagazi wa vita ile alibeba mzigo wa kilo 25 hivi, ukiacha vikorokoro vyake mwenyewe. Posho yake, ikiwa imekuja yote bila kuibwa, ilikuwa kama kilo moja ya unga kwa siku. Tuseme anabeba unga kutoka kituo cha reli Morogoro kuupeleka kwa askari walio upande wa Kisaki, na tuseme kwa mguu, kwa kuzunguka mlima na mzigo kichwani, ni siku saba. Siku saba kwenda, saba kurudi. Njiani hakuna cha kununua, vijiji vimeshakombwa. Kwa hiyo atakula kilo 14 za mzigo wake mwenyewe. Anafikisha kilo 11. Amelisha askari 11 kwa siku moja.

Chukua askari 3,000 tu walioko mbele. Wanahitaji kilo 3,000 kila siku, yaani wapagazi 273 wawe wanaingia kambini kila siku inayokwenda kwa Mungu. Na kwa kuwa kila mmoja anatumia siku 14 kwenda na kurudi, ni lazima wawepo njiani muda wote watu 3,800 na zaidi. Hapo hujabeba risasi hata moja, wala dawa, wala hema la bwana mkubwa, wala majeruhi wa kurudishwa.

Sasa sogeza jeshi mbele. Siku saba ziwe 12. Mpagazi anakula kilo 24, anafikisha kilo moja. Kulisha askari wale wale 3,000 unahitaji watu 3,000 waingie kila siku, na njiani wawepo 72,000. Ongeza siku moja tu, iwe ya 13, na hesabu inakufa. Mtu anatoka na kilo 25 na safari inadai 26.

Bila shaka hawakufanya hivyo kijinga namna hiyo. Walijenga vituo, walinyang'anya chakula njiani, malori yalisaidia pale yalipoweza, na zaidi ya yote walipunguza posho. Ukipunguza posho hesabu inapumua kidogo, kwa sababu umeihamishia ndani ya mwili wa mtu. Anayesoma kwamba wapagazi walikufa kwa kuhara na homa ya mapafu aelewe kwamba sehemu ya ugonjwa ule ilikuwa ni kutoa: kilo moja toa robo, toa nusu, na unga wenyewe haujaiva kwa sababu hakuna muda wala kuni kavu.

Nilipomaliza hesabu hii nikakumbuka kwamba nimeshaiona mahali pengine. Mwaka 1903 mwalimu mmoja wa shule Mrusi, Konstantin Tsiolkovsky, alichapisha hesabu ya roketi: chombo kinachotaka kwenda mbali kinahitaji mafuta, na mafuta yana uzito, na uzito huo unahitaji mafuta mengine ya kuubeba, nayo yana uzito. Roketi iliyowapeleka Wamarekani mwezini iliondoka ardhini ikiwa na tani 2,900 hivi. Iliyoelekea mwezini ni kama tani 45. Kilichobaki kilikuwa mafuta, na magaloni makubwa ya kubebea mafuta, yaliyotupwa njiani. Ni mpagazi yule yule! Anakula mzigo ili aweze kuubeba mzigo. Merikebu zangu 212 zenye siku 90 za safari zilikuwa zimepita siku ya 13 zamani sana, na mimi nilikuwa nawachorea askari vioo vya kofia.

Kwa hiyo jeshi la kuaminika, la hapa au la kwenye nyota, nimejifunza kulianzia nyuma. Usiniulize bunduki yako inaitwaje. Niambie kwa kila anayeshika bunduki wako wangapi wasioishika. Kombania ya Wajerumani ya askari 160 au 200 ilikuwa na wapagazi wake wa kudumu wanaozidi idadi hiyo, na nyuma yao wake za askari, watoto, na vijana wa kuwapikia na kuwabebea. Safu ikipita ni kijiji kinachotembea. Upande wa Waingereza, makadirio ya kawaida ni kwamba walioandikishwa kubeba katika vita nzima ya Afrika Mashariki walifika kama milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Nyasa, Kongo na nchi hii waliyokuwa wanaiteka. Vifo vilivyoandikwa kwenye vitabu vyao wenyewe vilizidi 95,000. Vilivyoandikwa. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza lilikuwa Carrier Corps, wenyewe wakaligeuza wakaliita Kariakoo, na penye kambi yao Dar es Salaam ndipo leo tunaponunua vitenge na simu.

Abdulrazak Gurnah amelionyesha jambo hili katika riwaya yake *Afterlives* ya mwaka 2020. Ni riwaya ya Hamza, kijana anayejiunga na askari wa Mjerumani, lakini soma jinsi safu inavyokwenda, uone nani yuko nyuma yake. Hakuna mizinga ya mwanga mle, na bado ni jeshi linalonitisha kuliko la mwandishi yeyote wa nyota niliyemsoma.

Niseme sasa kwa nini jambo hili si hesabu tu kwangu.

Kapteni wa riwaya yangu, yule shujaa, nilimjenga juu ya mtu wa nyumbani. Katika ukoo wetu kuna mjomba wa bibi yangu, kaka wa mama yake, aliyekwenda vita vya Mjerumani asirudi. Sisi Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba si mtu wa pembeni. Ardhi, jina, tambiko, vyote vinapita hapo. Mjomba asiporudi kuna kitu kinabaki wazi. Tangu nikiwa mdogo nilisikia "mjomba alikwenda vitani", na mimi, mtoto wa sinema za video, nikamvalisha mwenyewe: kofia yenye kitambaa kinachofunika shingo, mkanda wa risasi, bunduki begani. Nilipokua nikampeleka kwenye nyota akiwa hivyo hivyo.

Mwaka jana nilipanda kwa bibi, upande wa Matombo, nikiwa na hesabu zangu mfukoni. Amepita miaka 90, macho yamepungua, ulimi haujapungua. Bibi hunitania kama mabibi wote.

"Umekuja mume wangu. Leo umeniletea nini?"

Nimemletea sukari na maswali, nikamwambia. Nikamuuliza mjomba alikuwa askari wa nani, wa Mjerumani au wa Keya? Alipewa bunduki ya aina gani?

Akanigeuzia uso. "Bunduki? Nani angempa bunduki? Walimpa gunia."

Kwa kadiri alivyosimuliwa na mama yake, watu wa jumbe walikuja alfajiri, wakahesabu vijana, wakawafunga kamba kiunoni mpaka Morogoro ili wasitoroke. Wajerumani walikuwa wameshaondoka. Hao walikuwa wanachukua kwa ajili ya Waingereza. Mjomba alitoka na chumvi kidogo kwenye kitambaa. Watu wawili wa kijiji cha jirani walirudi, wakasema walimwacha ng'ambo ya mto mkubwa akiwa anaumwa tumbo, amekalia mzigo wake kwa kuogopa usiibwe, maana ukiibwa ukatwe mshahara.

Nikamuuliza bibi kwa nini basi miaka yote mlisema alikwenda vitani.

"Kwani alikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilishuka mlima siku ile nikitafuta ni wapi hasa nilidanganywa, na kila nikirudia naona hakuna aliyenidanganya. Neno "vitani" lilikuwa sahihi. Picha niliyoitundika juu yake ndiyo haikuwa.

Turudi kwenye ujenzi, maana kuna mambo mengine mawili ambayo nchi hii imenifundisha na sitaki niyaache.

La kwanza ni maneno. Waandishi wengi wa hadithi za anga hukopa vyeo vya majeshi ya Marekani wakaishia hapo. Sikiliza vyeo vya askari Waafrika wa Mjerumani: ombasha, shaushi, bash-shaushi, sol, efendi. Hakuna Kijerumani hapo wala Kiswahili cha mwambao. Ni Kituruki, kilichopitia Misri. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipotumwa kuzima upinzani wa pwani, aliajiri mamia ya Wasudani waliokuwa wamekaa bila kazi Cairo, askari wa zamani wa jeshi la Misri, na akaongeza watu aliowatoa Msumbiji walioitwa Wazulu. Wasudani walikuja na vyeo vyao, na walipozeeka na kufa, Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema waliowafuata wakarithi maneno bila kujua yametoka wapi. Efendi huyo bado yupo. Kila anayesimamishwa na polisi barabarani humwita afande. Hapa Morogoro tumetoa hata mwanamuziki wa hip hop mwenye jina hilo, Afande Sele, ambaye sidhani kama anadaiwa chochote na Sultani wa Uturuki. Katika Kilimia yangu nilifuta "kanali" na "meja" zote. Vyeo vipya vimetoka katika lugha ya watu ambao himaya iliwashinda vizazi vitatu nyuma, kisha ikawaajiri kuwashinda wengine. Hakuna mhusika anayelieleza jambo hilo. Wanaitana tu.

La pili ni njia. Smuts alipokaribia Morogoro alipanga kumbana adui dhidi ya milima: kikosi kimoja kishike njia ya magharibi kwa Mlali, kingine kizunguke mashariki kwa Ruvu, na Lettow abaki amekwama mjini na ukuta wa Uluguru mgongoni. Mpango mzuri sana mezani. Baadaye katika taarifa yake kwa wakubwa aliandika kwamba wakati ule hakujua kuna njia inayotoka Morogoro kwenda kusini moja kwa moja kupitia milimani hadi Kisaki.

Soma tena hapo. Jemadari mwenye wapima ramani na ndege za upelelezi hakujua njia ambayo mama yeyote wa Kiluguru anayeshuka na ndizi na mboga kuja sokoni angemwonyesha kwa kidole. Mpaka leo wanashuka hivyo, beseni kichwani, kabla jua halijatoka. Na vikosi vyake vilipofika Kisaki mwanzoni mwa Septemba, kimoja kimoja, bila kuonana kwa sababu ya milima hiyo hiyo, Lettow alivipiga kwa zamu. Mstari wa vita ukaja kukwama kwenye mto Mgeta mpaka Januari 1917, watu wakikaa kwenye maji na mahandaki wakishiba hewa. Ndipo alipouawa Frederick Selous, mwindaji mzungu ambaye hifadhi ya wanyama ilikuja kubeba jina lake kwa miaka mingi.

Tangu hapo nimeweka kwenye sayari yangu ya uasi njia moja ambayo haimo kwenye ramani ya himaya. Si siri ya waasi. Ni njia ya kwenda sokoni.

Kuna la tatu ambalo nilitaka kulikwepa. Jeshi halili chakula chake. Magharibi yetu, Ugogo, majeshi yote mawili yalipita yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana, kisha mvua zikagoma, na njaa ya miaka ya mwisho ya vita na baada yake Wagogo waliipa jina lake, Mtunya. Watu hawakuipa jina la jemadari yeyote. Ukitaka kujua jeshi lako la kubuni lilipita wapi, usiulize lilishinda wapi. Uliza njaa gani ina jina.

Lettow alisalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, akarudi kwao kupokelewa kwa maandamano. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza, wachache tu wakiwa na cheti, wengine na vipande vya sare. Basi mtoa fedha akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani apige kwata, na hakuna aliyekosea. Ni kisa kitamu, kinapendwa sana. Mimi kila nikikisikia nawaza mpagazi angefanya nini mbele ya meza ile. Angebeba meza?

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni ya mtu mmoja mwenye bunduki na singe. Ile ya Nairobi angalau wamemweka mbeba mizigo pamoja na wenye silaha. Hapa kwetu kuna makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri, mawe yamepangwa kwa mstari, majina, namba, vikosi. Nimekwenda mara kadhaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa jina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni watu 234,000. Ni mahali pa kuwekea "huenda".

Riwaya sasa iko hivi. Jeshi la askari 40,000 nimelipunguza likabaki 1,100. Nyuma yao wako wabebaji 31,000, waliochukuliwa kwenye miezi na vituo vya njiani, na safari ya siku 90 imevunjwa vituo 14 ambavyo kila kimoja kinakula kile kilicho nyuma yake. Heinlein mwaka 1959 aliandika jeshi la anga ambalo kila mtu anapigana, mpaka kasisi. Nilikipenda kitabu hicho nikiwa kidato cha tatu na bado sikichukii, ila nimeshindwa kukirudia, kila ukurasa natafuta nani kapika. Kapteni wangu bado yumo, ana sura mbili. Anayesimulia ni mbebaji. Mhariri mmoja niliyemtumia akaniandikia kwamba vita imechelewa kuanza. Jirani yangu naye alisoma rasimu mpya kwa siku tatu badala ya wiki mbili, akarudisha na kosa moja: nimesahau kuni.

Mbebaji nimempa jina la mjomba. Nilipanda tena Matombo kuomba ruhusa, maana jina la ukoo si la kuokota tu. Nikamweleza bibi mambo ya nyota na merikebu kadiri nilivyoweza. Alisikiliza huku anachambua mboga kwa vidole, bila kuangalia.

"Huyo wa kwenye kitabu," akauliza, "anarudi?"

Nikamwambia bado sijafika huko.

"Ukifika uje uniambie. Na usikae sana."